Ufundi wa Kuyaongoza Mafuta

Mafuta yakimwagika baharini, wengi wetu huwaza namna ya kuyazuia. Fundi wa kazi hii huanza na swali jingine: yaelekezwe wapi?

Zana yake kuu ni uzio unaoelea. Kwa mbali ni mrija mrefu tu wenye rangi kali, lakini ukiukagua, kila kipande kina kazi yake. Maboya ya juu huuinua ili mawimbi yasiyarushe mafuta upande wa pili. Pazia la chini huyakinga yasipenye. Mnyororo ulioshonewa kwenye pindo huliweka pazia wima, tena huweza kubeba sehemu kubwa ya nguvu mkondo unapouvuta uzio. Uzio mzuri hunyumbuka na wimbi.

Hata huo una kikomo. Ukitegwa kuukabili mkondo moja kwa moja, mwendo wa maji ukifika sentimita 35 hivi kwa sekunde, matone ya mafuta huchomoka na kupita chini ya pazia. Kulirefusha pazia si dawa, kwa kuwa maji yaliyobanwa chini yake huzidi kasi. Kwa hiyo fundi huulaza uzio mshazari. Mkondo ukienda maili 1 ya baharini kwa saa, pembe kati yake na uzio isizidi nyuzi 45. Ukienda maili 2, iwe nyuzi 20 hivi. Mafuta huambaa na uzio hadi penye maji matulivu, kama samaki wanavyoambaa na ukuta wa wando hadi mtegoni.

Hapo mashine ya kuengua huyasubiri. Sahani zake huzunguka, mafuta hunata juu yake zaidi kuliko maji, kisha kikwangulio huyakwangua yaingie tangini. Mwaka 2011 kampuni ya Elastec ya Marekani ilishinda shindano la X Prize kwa sahani zenye mifereji, zilizokusanya zaidi ya lita 17,000 kwa dakika.

Ninachokiheshimu zaidi ni uamuzi unaotangulia yote hayo. Uzio hautoshi pwani nzima. Mchanga mgumu huweza kusafishwa kwa koleo na ndoo. Tope la mikoko halikanyagiki bila kuyazamisha mafuta zaidi, na mizizi inayopumua ikifunikwa, mti huweza kufa. Fundi mwenye busara huweza kuyapeleka mafuta ufukweni kwa makusudi ili mikoko isalimike.

Ufundi huu si wa matajiri peke yao. Meli iitwayo Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny, Morisi, tarehe 25 Julai 2020. Mafuta yalipoanza kuvuja tarehe 6 Agosti, wananchi walishona mifuko mirefu ya kitambaa, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaifanya ielee kwa chupa tupu za plastiki. Tani 1,000 hivi zilivuja, na nyuzio hizo hazikuweza kuyakinga yote. Lakini boya, kizuizi na kifyonzaji, vyote vilikuwamo, kutokana na vitu vilivyokuwa karibu nao.

Zana hununuliwa, hata hushonwa kwa siku chache. Kuijua mikondo ya kila mlango bahari, pa kutia nanga, na ufukwe upi utolewe mhanga, hujifunzwa kwa miaka. Wavuvi wetu tayari wanayajua mengi ya hayo. Mpango wowote wa kuilinda pwani uanze kwa kuwaita wao mezani.