Kibao na Mwenyewe

Mwaka 1936, Walker Evans, mpiga picha wa Marekani, alikipiga picha kibanda cha biashara kando ya barabara, karibu na Birmingham, Alabama. Ubaoni amechorwa samaki kwa mkono. Papo hapo pana ahadi ya mizani ya haki na tangazo la fundi wa kuhamisha nyumba nzima. Wavulana wawili wamesimama mbele, wameshika matikiti. Mwepesi wa kucheka atacheka. Lakini Evans alikikabili kibanda uso kwa uso, bila hila, hata mtazamaji hana budi kusoma kwanza. Asomapo, huona kuwa ahadi ile ni kauli ya mtu mwenye jina la kulinda mbele ya majirani.

Baadaye maishani, Evans alikuwa aking'oa vibao vya namna hiyo na kuvitundika ukutani. Hapo alikosea. Picha humwachia mwenyewe kibao chake. Ukuta wa mjini hubakiza rangi na herufi tu, muuzaji na majirani zake wakatoweka. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: picha ya 1936 ingali yasomeka kama ubeti uliotimia.