Wati 500 za Kwenye Kibandiko

Sitazunguka: ile pawasapulai aliyofunga fundi kwenye video ya kuunda kompyuta ni kosa. Hatuwezi kuisingizia bajeti wala bahati mbaya. Fundi alichagua mwenyewe, dakika ya 31, mbele ya kamera, baada ya nusu saa ya kazi ambayo fundi yeyote wa mji huu angejivunia. Video mmeshaiona. Imezunguka kwenye simu kuanzia Nyegezi hadi Igoma. Mimi nimetumiwa na watu wanne, na wote wanne waliniuliza swali moja: nimeziona taa? Nimeziona. Zinatoka bluu zinakwenda zambarau. Tuendelee.

Yaliyo mazuri tuyapitie haraka. Ryzen 5 5600G, madabodi ya A520, vijiti viwili vya RAM vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, SSD ya NVMe ya 500, na hakuna kadi ya grafiksi. Safi kabisa. Vijiti viwili peke yake vinampa alama nyingi kwangu, maana grafiksi ya 5600G haina kumbukumbu yake, inakula sahani moja na prosesa, na ukiwapa kijiti kimoja umewapunguzia sahani nusu: gigabaiti 25.6 kwa sekunde badala ya 51.2. Nimeliandika hili mpaka mhariri amechoka. Na fundi ashukuriwe pia kwa kutomwuzia mteja GT 730, kadi ya 2014 ambayo bado inapangwa kwenye makabati ya vioo kama dhahabu ya Geita, ilhali grafiksi iliyomo ndani ya prosesa hiyo inaipita.

Sasa dakika ya 31.

Rudisheni nyuma kidogo, mpaka ya 27. Madabodi iko juu ya boksi lake, nje ya keisi, imeunganishwa na pawasapulai iliyotolewa kwenye Dell OptiPlex 7010, ile ya keisi kubwa ya kusimama: wati 275, bati la kijivu lisilo na urembo, nyaya za njano, nyekundu na nyeusi zimefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Fundi anagusanisha pini mbili kwa bisibisi, feni inazunguka, BIOS inatokea, RAM inasomeka yote. Mashine imewaka. Hapo mtu anachukua kile kilichoiwasha, anakifunga ndani kwa skrubu nne, anakwenda kula. Yeye anaichomoa. Anaiweka pembeni juu ya stuli, anavuta ile iliyokuja bure na keisi, nyeusi, imeandikwa 500W kwa herufi kubwa kuliko jina la aliyeitengeneza, na anatupa sababu mbili: nyaya nyeusi zitapendeza nyuma ya kioo, na 500 ni kubwa kuliko 275.

Mnawajua makocha wa kumtoa kipa aliyekwisha kudaka penalti mbili kwa sababu aliye benchi ni mrefu zaidi. Pale Kirumba tungemzomea kocha huyo mpaka nje ya geti. Fundi huyu amepigiwa makofi.

Sababu ya kwanza naijibu kwa kifupi kwa kuwa kioo ni ugomvi wangu wa zamani na wengine mmeuchoka. Keisi ya kioo ubavuni ni kabati la maonyesho. Mteja wa mashine hii, kwa maelezo ya video yenyewe, anahariri video za harusi Sengerema. Bibi harusi hataiona keisi. Watakaoiona ni wale vijidudu wa ziwa wanaopanda jioni kama moshi, na wao hufuata taa. Nimewahi kufungua mashine ya nyumba ya ufukweni nikachota ndani yake unga wa vijidudu wa kujaza kiganja. Ukiiwekea taa usiku mbele ya dirisha lililo wazi, umewaandikia kadi ya mwaliko.

Sababu ya pili ndiyo iliyonitoa kitandani. Dakika ya 33 anaigeuza, na kibandiko kinaonekana kwa sekunde mbili hivi. Simamisheni hapo. Mstari wa volti 12 umeandikwa ampea 18. Zidisha: wati 216. Zilizobaki, nyingi kuliko hizo, zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3, mistari iliyobeba mzigo mkubwa enzi za Pentium III, kabla ya Pentium 4 kuja mwaka 2000 na plagi yake ya pini nne na kuhamishia ulaji kwenye volti 12. Yaani kibandiko kinajisifia nguvu ambazo mashine ya leo haiziombi. Hata hizo 216 ni za kinywani mwa mtengenezaji mwenyewe, maana alama ya ufanisi ya 80 Plus haipo popote kwenye boksi hilo.

Lakini msishikilie hapo, kama nilivyosikia wengine wakishikilia. Mashine hii ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haivuki wati 150. Kwa hesabu ya wati peke yake 275 zinatosha na 216 za kweli zingetosha. Anayembishia fundi kwa wati amekubali kucheza kwenye uwanja wake. Ubaya wa boksi lile uko upande wa ukutani.

Mmekiona kile kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230? Kinawaambia kwamba ndani hakuna PFC amilifu, ile sakiti inayorekebisha namna umeme unavyovutwa ukutani, na kwamba sakiti ya kuingilia ni ya mtindo wa miaka ya tisini, imetengewa volti za jirani na 230 na basi. Ile ya Dell haina kiswichi. Kibandiko chake kinasema 100 hadi 240, na ina alama ya 80 Plus Bronze, ambayo huipati bila PFC. Sasa twendeni Sengerema, au Buhongwa, au Kisesa, saa moja jioni. Mashine ya kusaga inamalizia debe la mwisho, jirani anachomelea geti, kila nyumba ina pasi. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na hakuna anayelibishia, ila megawati haziruki kutoka Rufiji zikatua mezani kwako. Zinapita kwenye transfoma ya mtaa na waya mrefu, na zikifika taa imekuwa ya rangi ya chai. Volti 180, wakati mwingine chini ya hapo. Ile ya Dell haijali. Inavuta ampea kidogo zaidi na kazi inaendelea. Ile ya kiswichi chekundu iko ukingoni, na mchomeleaji akigusa chuma mara moja tu, harusi yote ya Sengerema inarudi asilimia sifuri.

Mtasema atanunua UPS. Anunue. Ila hapa ndipo wengi wanapopigwa bila kujua, na kila wiki naletewa malalamiko hayohayo: UPS mpya, betri mpya, umeme ukikatika mashine inajiwasha upya. Wanalaumu betri. Umeme wetu ni hetsi 50, mzunguko mmoja milisekunde 20. UPS ya bei ya chini ikiona umeme umekwenda inachukua milisekunde 4 mpaka 10 kuhamia kwenye betri, na katika muda huo pawasapulai inaishi kwa akiba iliyomo kwenye kapasita zake kubwa. Kanuni ya ATX inataka akiba hiyo ishike milisekunde 16 au 17 mzigo ukiwa umejaa. Kapasita ni ghali, kwa hiyo mtengenezaji wa boksi la bure anaanza kupunguza papo hapo. Akishamaliza anahamia kwenye kichujio cha kuingilia, kinachopunguza makali ya umeme wa ghafla. Fungua kifuniko chake utakuta nafasi za koili zimechorwa vizuri kwenye bodi, na mahali pa koili pamewekwa kipande cha waya. Kwenye miji mingine huenda hilo lingesameheka. Sisi tunakaa kando ya Ziwa Victoria, ambalo mvua zake za radi hupikwa juu ya maji usiku, wakati watu wa kuhariri video wanafanya kazi.

Najua hoja ya umri. OptiPlex 7010 ni ya 2012. Kapasita huzeeka, feni huchoka. Hoja nzito, na kama angeitoa yeye ningeinamisha kichwa na kumwomba tu aifungue aangalie kama kuna zilizovimba. Hakuitoa. Najua pia hoja ya bei: mwishoni mwa 2025 viwanda vya kumbukumbu vilielekeza mzigo wao kwenye vituo vya AI, RAM ikapaa, na Desemba Micron ikatangaza kuiacha biashara ya Crucial, chapa ambayo wengi wetu tuliiamini kwa macho yaliyofumbwa. Anayejenga kwa laki chache amebanwa kweli. Ila pawasapulai ya Dell ilikuwa tayari mezani, na feni tatu za taa zenye rimoti hazikuja bure.

Zamani hili lisingejadiliwa. Nchi iliyopiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 ilijifunza hizi mashine kwa kuchelewa na kwa mitumba, na mtumba ulifundisha adabu. Mafundi wa kafe za intaneti za mji huu, enzi za Pentium 4, walikuwa wanaipima pawasapulai kwa kiganja kabla ya kuuliza bei. Nyepesi ilirudi kabatini bila maneno. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha ampea, ila uzito ni shaba na chuma, na walijua hivyo.

Na walijua kulinganisha vyombo. Chukua OptiPlex hiyohiyo ya 2012, pachika GTX 750 Ti ya 2014, kadi ya wati 60 isiyodai plagi yake, funga, kabidhi. Wati 275 zikabeba yote, miaka kwa miaka. Ilipokuja Pentium G4560 mwaka 2017, kori mbili zenye nyuzi nne kwa bei ya mlo wa familia hotelini, tulijenga mashine za shule na za vituo vya kuchapa, na sikumbuki mteja aliyeulizia rangi ya waya. Dell yenyewe ndiyo iliyoharibu mambo, toka 7020 na 9020, kwa kuleta plagi ya pini nane isiyoingia kwenye madabodi ya kawaida. Ndiyo maana ile ya 7010, yenye pini 24 za kawaida, inatafutwa na wanaojua. Huyu alikuwa nayo mkononi! Na ile plagi ndogo ya pini nne inaitosha prosesa ya wati 65 bila wasiwasi, kama alivyoonyesha mwenyewe dakika ya 27.

Kufunga keisi, kupanga nyaya, kuweka mfumo: vizuri. Alipaka krimu ya joto kiasi cha punje ya mahindi, kama inavyotakiwa. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa toka Juni 2025, kwa hiyo mteja akihitaji kuirudisha hatasubiri kivuko.

Dakika ya 41, wakati taa zinaonyeshwa na muziki umepandishwa, tazameni kona ya chini kushoto. Iko bado juu ya stuli, kijivu, nyaya zinaning'inia, mtu ameweka kikombe cha chai juu yake. Jumatatu nitapita na elfu 25. Kikombe wakitoe wenyewe.