Viota Vinavyosimulia Majira ya Baridi: Hesabu ya Lemingi Kisiwani Traill
Lemingi wa Greenland, mnyama wa jamii ya panya mwenye mkia mfupi na manyoya yanayogeuka meupe wakati wa baridi, huishi chini ya theluji sehemu kubwa ya mwaka, na kwa hiyo mtafiti anayefika tundra kiangazi hukuta yale yaliyoamua idadi yake yamekwisha kupita. Katika bonde la Karupelv, kisiwani Traill, kaskazini-mashariki mwa Greenland, Benoît Sittler na wenzake walianza mwaka 1988 kulikabili tatizo hilo kwa njia isiyolazimu mnyama mwenyewe kuonekana, yaani kuhesabu viota.

Tabaka la chini la theluji nene, likipashwa na joto la ardhi, hugeuka kuwa chembe kubwa zilizolegea ambazo huchimbika kwa urahisi, na humo lemingi hufuma kiota cha nyasi kavu na kuzaa hata katika miezi ya giza. Theluji ikiyeyuka, viota hubaki wazi juu ya ardhi, hasa penye miteremko ambako upepo huirundika, na hukaguliwa kimoja kimoja. Chenye habari nyingi zaidi ni kile kilichotandikwa manyoya ya lemingi, kwa kuwa kicheche wa kaskazini, mwembamba kiasi cha kupenya mashimo ya windo lake, humla mwenye nyumba kisha hulala juu ya manyoya yake. Ukaguzi mmoja, basi, humpima mwindaji na mwindwa kwa pamoja.

Kwa kuunganisha takwimu hizo na zile za bundi-theluji, mbweha wa Aktiki na ndege aitwaye skua, Olivier Gilg, Ilkka Hanski na Sittler walionyesha mwaka 2003 kwamba kupanda na kushuka kwa lemingi kila baada ya miaka minne hivi kulitokana na kicheche, ambaye huzaa mara moja tu kwa mwaka na hivyo huongezeka kwa kuchelewa, ilhali wale watatu hupunguza makali ya ongezeko.

Kiota si mnyama, bila shaka, na lemingi mmoja aweza kujenga zaidi ya kimoja. Kinachopatikana ni kipimo cha kulinganisha mwaka na mwaka, wala si sensa. Udhaifu mzito zaidi ulijitokeza vilele vya idadi ya lemingi vilipokoma baada ya mwaka 2000: viota vichache vilithibitisha kuwa lemingi wamepungua, lakini havikuweza kueleza kama theluji ilichelewa kuanguka au iliyeyuka na kuganda tena ikafunika malisho kwa barafu, swali linalohitaji vipimo vya theluji yenyewe.