Nani Atamwandikia Shosho?

Maandishi mazuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu mtoto wa Tetu kukutana na kalamu yameandikwa kwa Kiingereza. Yako katika kurasa za mwanzo za Unbowed, kumbukumbu za Wangari Maathai zilizotoka 2006. Msichana wa Ihithe, si mbali na Wamagana, anaelekea shule kwa mara ya kwanza pamoja na binamu yake mkubwa. Njiani binamu anasimama, anamuuliza kama anajua kusoma na kuandika. Hajui. Basi kijana anatoa daftari na penseli, anaandika kitu, na msichana anashangaa ingawa hawezi kukisoma. Kisha kijana anachukua raba, anafuta, na maandishi yanapotea.

Watu wakikizungumzia kitabu hiki na lugha, hukimbilia sehemu nyingine: shule ya bweni ya misheni, na kile kifungo alichovalishwa mwanafunzi aliyenaswa akiongea lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o ana hadithi kama hiyo katika Decolonising the Mind, na wengi wetu tuna yetu, maana disk ilitembea kutoka shingo moja hadi nyingine hata miaka ya juzi. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini imetuzoesha kuuliza swali moja tu, nani alitukataza kusema, hadi tumesahau lile la binamu: nani anatufundisha kuandika?

Ukisoma ile sehemu polepole utaona kwamba kilichomvuta Maathai ni kufuta sawa na kuandika. Mtoto wa miaka minane hivi anagundua kwamba unaweza kuweka neno, ukalitazama, ukaliondoa, ukaweka lingine. Kusema hakukupi hiyo nafasi. Maneno ukishayasema yameenda, na shosho ameshayasikia.

Sasa njoo Wamagana ya leo. Mtaala wa CBC ulipoanza rasmi nchi nzima Januari 2019, lugha za kiasili ziliingia kwenye ratiba kama somo la Gredi ya 1 hadi ya 3. Hapa Tetu maana yake ni Gĩkũyũ, na kwenye karatasi mtoto anatakiwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Hatua nzuri, na mimi si mmoja wa wale wanaoicheka CBC kila asubuhi kwenye redio. Ila mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6 hauna Gĩkũyũ, na mwalimu mwenye darasa kubwa anajua vizuri atakachoulizwa na mzazi mwisho wa muhula. Ni rahisi basi kuandika kuwe kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni majina ya wanyama, watoto wanahamisha kwenye daftari, daftari linatiwa tiki. Penseli imetembea. Mtoto bado hajamwandikia mtu lolote.

Hata kunakili kwenyewe kuna shimo. Mtoto anajifunza herufi kwa Kiswahili na Kiingereza kwanza. Tusome, mradi uliosambazwa nchini kote kuanzia 2015, ulikuwa wa lugha hizo mbili. Kutoka Kiswahili anabeba irabu tano, a e i o u, anafika kwenye Gĩkũyũ anakuta saba. Zile mbili za ziada ni ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu. Ya kwanza inakaa kati ya i na e, ya pili kati ya u na o. Sikio lililozoea Kiswahili halina kabati la kuziweka, kwa hiyo linazitupa popote. Angalia jina la kaunti yenyewe. Kwa Gĩkũyũ ni Nyĩrĩ, irabu ileile mara mbili. Aliyeliandika "Nyeri" aliisikia ya kwanza kama e na ya pili kama i, na hivyo ndivyo lilivyobaki kwenye kila kibao cha barabara.

Halafu kuna neno ambalo kila msomaji wa gazeti hili amewahi kuchapa kwenye simu: shosho. Hilo ni cũcũ. C ya Gĩkũyũ husikika karibu na sh, ũ husikika karibu na o, na msee fulani wa Eastlands ambaye hakuna anayemjua aliliandika kama alivyolisikia. Sheng ikalipokea. Wazee wa adabu nao huandika "cucu", bila viwimbi, wakidhani wanaandika Gĩkũyũ sanifu. Wacha niseme wazi: kati ya hao wawili, wa Eastlands ndiye aliyesikiliza. "Cucu" bila alama ni kama nyumba isiyo na mlango, ni mwenyewe tu anayejua pa kuingilia.

Na si suala la urembo. Kira ni nyamaza. Kĩra ni zidi, pita. Mtoto anayetaka kuandika kwamba mbuzi wake amewazidi wengine akisahau kiwimbi atajikuta kwenye habari za kunyamaza. Mtu mzima atakwambia muktadha utasaidia. Utamsaidia huyo mtu mzima, kwa sababu lugha tayari anayo kichwani. Mtoto ndiyo kwanza anaijenga, na wa Gredi ya 2 aliyezaliwa Ruiru akaletwa Wamagana kuishi na bibi yake hana hata hiyo nusu ya kukisia.

Hapa inafaa kutazama jinsi wenzetu wa Kihindi wanavyoanza. Mtoto anayejifunza kuandika Kihindi hukutana na alama za irabu mapema sana, kwa zoezi linaloitwa barakhadi: konsonanti moja inapitishwa kwenye irabu zote kwa safu, ka, kaa, ki, kii, ku, kuu, na kuendelea, kwa sauti na kwa mkono. Alama hizo, matra, haziji baadaye kama nakshi. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba ataziweka akipata muda, kwa sababu din yenye i fupi ni siku, na yenye i ndefu ni maskini. Isitoshe, alama ya i fupi huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Mtoto wa miaka sita anaizoea hiyo kichwa-chini-miguu-juu, halafu sisi tunasema kiwimbi kitamchanganya wetu.

Sitaki kuipamba India. Kihindi kina watu zaidi ya milioni 500 wanaokitaja kama lugha yao, kina sinema na magazeti, na bado wazazi wa mijini huko wanakimbilia shule za Kiingereza, na vijana wanachati Kihindi kwa herufi za Kilatini kama sisi tunavyochati bila viwimbi. Tofauti ni kwamba wao wengi walipita kwenye ile safu kabla ya kuamua kuiacha. Sisi tunaacha kitu ambacho hatukuwahi kupewa.

Kwa upande wa vitabu, jibu la kwanza la kila mtu ni Njamba Nene. Ngũgĩ alianza na Njamba Nene na Mbaathi ĩ Mathagu mwaka 1982, akafuatisha Bathitoora ya Njamba Nene mwaka 1984. Basi linalopaa, kijana maskini anayechekwa shuleni kwa sababu ya lugha na mila zake, kisha bastola iliyofichwa ndani ya mkate. Nani hapendi mkate wenye bastola? Kama hadithi za kumsomea mtoto kabla ya kulala bado zina moto, na nimeona watu wazima wakikataa kuziweka chini.

Lakini kama vitabu vya kumfanya mtoto mdogo atake kuandika, naona vinashindwa, na sababu ni ileile inayovipa nguvu. Ndani yake lugha ni silaha. Njamba Nene anakuja kushinda mabishano ambayo ni ya wazazi wake, na kila sentensi imeshabeba mzigo. Mtoto anayefunga kitabu atataka kuwa shujaa. Hakuna mlango mdogo ulioachwa wazi ambapo angeingia na paka wake, na jino lililong'oka, na jirani anayepika githeri bila chumvi. Ngũgĩ, aliyetuacha Mei 2025, aliwaandikia watoto akiwa na watu wazima wengi wamesimama nyuma ya bega lake, hasa wale waliotaka akome kabisa.

Sisi wa mtandaoni nasi tuna tabia yetu. Mwaka 2016 Jalada walichapisha hadithi yake Ituĩka rĩa Mũrũngarũ, na ikaendelea kutafsiriwa hadi lugha zaidi ya 100. Tulishangilia, na ilistahili. Tulihesabu lugha hadithi ilizoendea. Wachache waliuliza ni watoto wangapi wa Gredi ya 3 katika nchi ya Gĩkũyũ wangeweza kuandika aya moja ya jibu kwa lugha iliyotokea.

Ningemweka mbele mwandishi mwingine wa mkoa huu, asiyependwa sana na mihadhara: Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa Tumutumu 1921 na kuendesha kiwanda chake cha uchapaji Karatina. Alikamatwa Oktoba 1952, akawekwa kizuizini miaka mingi, na huko akaandika kumbukumbu kwa siri. Zilitoka 1983 kama Mwandĩki wa Mau Mau Ithamĩrio-inĩ, zikapata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kinachonivutia kwake ni udogo wa kazi yenyewe: vijitabu vyembamba vya bei ya sokoni, na imani kwamba Gĩkũyũ ni kitu cha kuandikia mambo ya kawaida. Dedan Kimathi naye, mtoto wa Thegenge hapa hapa Tetu, alipokuwa msituni alisisitiza kumbukumbu ziandikwe. Watu waliokuwa wakiwindwa walibeba daftari. Sidhani walikuwa wanatetea utamaduni kila walipofungua ukurasa. Walitaka kujua nani yuko wapi, na siku moja mtu aje ajue yaliyotokea.

Mzazi wa Wamagana atasema hii yote ni anasa. Mtoto wake atakwenda Nairobi, hataulizwa kiwimbi kwenye usaili wa kazi. Anayemcheka mzazi huyo hajasoma historia. Shule huru za Wagĩkũyũ za miaka ya 1930 zilidai Kiingereza kwa sauti kubwa, kwa sababu watu waliona kwamba kumpa Mwafrika lugha ya kwao peke yake ilikuwa njia ya kumwacha alipo. Tuhuma hiyo imerithiwa na ina akili ndani yake. Inachokosa kuona ni kwamba hakuna anayependekeza kuondoa Kiingereza. Tunazungumzia vipindi vichache kwa wiki ambavyo tayari viko kwenye ratiba, na swali ni kama vitatumika kunakili majina ya wanyama au kwa kitu kingine. Kuna pia mtoto wa polisi au wa mwalimu aliyehamishiwa hapa, ambaye Gĩkũyũ si chake kabisa. Huyo asilazimishwe kujifanya. Aandike kwa lugha ya kwao na aisome mbele ya wenzake, hata kama mwalimu hataielewa.

Kitu hicho kingine mimi naona ni barua. Wamagana ina kundi zima la watu wanaosoma Gĩkũyũ vizuri, pamoja na viwimbi vyake, kila Jumapili: ma-cũcũ. Wamelelewa na Ibuku rĩa Ngai na kitabu cha nyimbo, wanajua ĩ na i zinavyoachana kwenye ukurasa hata kama hawajawahi kuambiwa kwamba hizo ni irabu. Wengi hawana haja na WhatsApp. Wajukuu wao wanazungumza nao kila siku na hawajawahi kuwaandikia mstari mmoja, kwa sababu shule haijawahi kufikiri kwamba kuna msomaji umbali wa shamba moja la chai kutoka getini.

Mtoto aandike mistari mitatu: amekula nini, nani kampiga, ng'ombe ameenda wapi. Ataanza na "Shosho", na mwalimu asiichukue kalamu nyekundu. Amwambie alitamke tena neno hilo taratibu, wasikie pamoja hiyo sauti iliyo kati ya u na o, ampe raba, mtoto afute, kisha aandike cũcũ, aongeze viwimbi viwili kwa mkono wake na pengine vikae juu ya herufi isiyofaa. Jioni karatasi iende nyumbani ndani ya begi. Cũcũ avae miwani, aisome kwa sauti kama anavyosoma zaburi, acheke kwenye habari za ng'ombe, na akikuta kira mahali pa kĩra aulize kwani nani anaambiwa anyamaze.