Neno "Nguvu" katika Ulinganishi wa Amini: Uhakiki Mfupi wa Istilahi

Makala haya yanahakiki jambo moja tu: matumizi ya neno "nguvu" tunapolinganisha ubesi wa amini kwa Kiswahili. Istilahi zenyewe si haba. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, nayo ilitupatia pa kuanzia. Lakini kamusi hutaja vitu, ilhali kulinganisha ni kazi ya sentensi. Hapo ndipo penye upungufu.

Hapa Kalemie kemia husomeshwa kwa Kifaransa, kisha wanafunzi huelezana kwa Kiswahili: amini hii "ina nguvu kuliko" ile. Katika lugha yetu nguvu ni mali ya mwenyewe. Fahali huwa nayo zizini na malishoni. Kwa hiyo msikilizaji hudhani kwamba kila kundi la methili linaloongezwa huzidisha ubesi popote pale.

Vipimo vinakanusha dhana hiyo. Majini, pKa ya asidi itokanayo na amonia ni takriban 9.2; ya methilamini 10.6, ya dimethilamini 10.7, lakini ya trimethilamini hushuka hadi 9.8. Katika hali ya gesi, trimethilamini ndiyo inayozishinda zote tatu. Molekuli ni ile ile, mazingira ndiyo yaliyobadilika. Methili huisukumia naitrojeni elektroni. Hata hivyo, ioni iliyokwisha kupokea protoni hutulizwa na maji kupitia hidrojeni zilizoshikamana na naitrojeni, na ioni ya trimethilamini inayo moja tu.

Neno "kali" halitufai zaidi, kwani wengi hulitumia pia kwa myeyusho uliokolea, na kukolea si ubesi.

Pendekezo letu ni kuiacha nomino na kushika kitenzi pamoja na mahali: "Majini, dimethilamini huishika protoni kwa uthabiti kuliko trimethilamini." Sentensi hii haifichi sharti lake. Wala si ngeni kwa wasemaji: anayekamulia samaki limau ili kukata shombo anazipa amini protoni, zikawa chumvi isiyoruka hewani. Kutoa, kupokea, kushika na kuachia ni vitenzi vya kila siku. Mwanafunzi akivikosa darasani, hukariri mpangilio asioweza kuutetea, kisha lawama huangukia Kiswahili, kana kwamba lugha ndiyo iliyoshindwa.