Shukrani kwa Wapima Lishe

Wanastahili shukrani zisizo na kadiri wauguzi na maafisa lishe wa hospitali kama zile za Temeke na Mwananyamala, ambao, kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji, humzungushia utepe mkono wa juu, humbonyeza miguu kwa kidole gumba waone kama kishimo kitabaki, kisha humwuliza mama, kwa upole na pasipo kumtahayarisha, mwanawe alikula nini jana. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mwili uliopungukiwa protini hufunga jeraha kwa taabu. Daktari mpasuaji husifiwa, na ni haki yake. Lakini fadhila ya hawa, wanaomshauri aakhirishe operesheni isiyo ya dharura hadi maziwa ya tiba yamrudishie mtoto nguvu, naona haijatajwa ipasavyo.