Mutoto Yetu Akifika Bungeni, Atachagua Nani?

Bayaya na wenzangu wa masomo, leo nataka tuchambue kampeni ya ubunge wa jimbo hapa kwetu Kalemie, vile profesa anasoma TFC: je, swali na jibu vinapatana?

Tarehe 20 Desemba 2023 tulipiga kura nne siku moja: ya rais, ya mbunge wa taifa, ya mbunge wa jimbo na ya mshauri wa komini. Kwenye kuta, picha zote zilifanana: suti, namba ya kwenye mashine, na ahadi. Barabara. Maji. Umeme. Na ile neno yenye nguvu kupita zote: "Huyu ni mutoto yetu."

Hapo njo TFC inaanguka. Mbunge wa jimbo hana kasha la kujenga barabara. Katiba, kifungu cha 197, inampa kazi ya kujadili mambo ya jimbo na kuchunguza serikali ya jimbo. Anapiga kura juu ya sheria za jimbo na bajeti yake. Tena anachagua gavana, na maseneta wanne wa jimbo.

Wala si kazi ya karatasi tu. Mwezi wa tano 2021, ni wabunge wa Tanganyika walimwangusha gavana Zoé Kabila. Mwezi wa nne 2024, ni wabunge wapya walichagua gavana na maseneta. Sisi wengine wote tulingoja nje kusikia majina.

Sasa kumbukeni kampeni. Ni kandida gani alisimama sokoni akasema: "Mukinichagua, kura yangu ya gavana nitamupa fulani, na sababu ni hii"? Mimi sikumusikia hata mmoja. Maana yake, kura yetu inapigwa mara mbili: mara ya kwanza na sisi, mara ya pili na yeye, na juu ya ile ya pili kampeni yote inanyamaza.

Watu wanapenda kusema kosa ni la mama aliyepokea kikwembe. Mimi nakataa. Yule mama si mjinga. Amehesabu miaka mitano, akaona kitu cha hakika ni kile kilicho mkononi. Maji ya ziwa yakipanda mpaka nyumbani, mutoto yetu hatamuona.

Lawama kubwa iko kwetu, wenye diplome. Nani anaandika zile slogani? Nani anashika mikro juu ya gari? Ni sisi, kwa sababu kazi hakuna na franka ya kampeni inasaidia. Sikatazi mtu kula. Lakini aliyesoma sheria, akijua kazi ya mbunge, akaandika "Nitajenga daraja", huyo anauza bongo kwa baba na mama yake mwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza: kampeni nyingine ikifika, umoja wetu uwape makandida wote maswali matatu kwa maandishi. Utachagua gavana kwa kuangalia nini? Utatuonyesha bajeti ya jimbo kila mwaka? Gavana akikosea, hata kama ni wa chama chako, utamuita bungeni ajibu?

Majibu tuyaweke hapa, na jina pembeni. Anayekataa kujibu, tuandike vile vile kwamba amekataa.